Rubisi Iliyonuka Zahanati

Ihembe, Karagwe
9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Joanitha,

Shikamoo. Habari za Nkwenda, na wanafunzi wako hawajambo? Sisi hapa tu wazima. Mama anakohoa asubuhi lakini anakwenda shambani kama kawaida, na bado ndiye anayefua vitambaa vya altare vya kigango. Goti la Babu linamsumbua mvua ikikaribia, na siku hizi mvua inakaribia kila siku. Mbuzi wa kaka Edgar amezaa mapacha.

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Nimepata daraja la tatu. Biolojia nina B. Hisabati naomba usiniulize.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu siwezi. Simu ya nyumbani ni moja, inakaa mfukoni mwa Babu, na anayetaka kuongea lazima aongee mbele yake. Mimi sauti hunipotea hata nikisalimia tu. Tena jina lako halitajwi hapa, wewe mwenyewe unajua, ingawa mimi sijui kwa nini. Eliud, dereva wa fuso la kahawa, amekubali kutubebea. Hapiti kwenu kila wiki, kwa hiyo tutavumiliana.

Kijitabu chako cha bioteknolojia nimekisoma mara tatu. Kinasema binadamu ametumia viumbe hai kutengeneza vitu tangu zamani sana, hata kabla hajajua kwamba vipo. Niliposoma hapo nilimfikiria Babu na obwato yake, ule mtumbwi wa gogo anaokandia ndizi za rubisi. Wewe umekulia hapa, unajua wanawake hatuingii kwenye banda la pombe. Lakini mimi huchungulia kupitia ufa ulio upande wa jiko. Babu huivisha ndizi shimoni, kibarua wetu Hagenimana huingia mtumbwini na kuzikanyaga pamoja na nyasi, wanachuja ule omuramba, maji matamu ya ndizi, wanatia maji na unga wa mtama, wanafunika kwa majani ya mgomba. Kesho yake kinachemka bila moto. Nani anakichemsha, Shangazi?

Nauliza kwa sababu mwaka huu kuna jambo kubwa. Kaka Edgar anaoa Nyaishozi. Babu yake mchumba amesema hataki soda wala bia ya dukani. Anataka rubisi ya mzee Rwegasira, ndiye Babu, aliyoinywa akiwa kijana, na pombe isipokuwa ile, binti hatoki. Siku iliyopangwa ni Jumamosi tarehe 14 Juni. Babu amefurahi mpaka anatembea bila fimbo.

Mwanao anayekupenda,
Kemirembe


Nkwenda, Kyerwa
23 Februari 2025

Mwanangu Kemirembe,

Marahaba. Barua yako imenikuta nasahihisha madaftari tisini, na imeniondolea uchovu. Hongera kwa B ya Biolojia. Mwambie mama yako anywe maji ya moto na aache kwenda shambani na umande.

Swali lako ni zuri kuliko maswali yote niliyoulizwa darasani mwaka huu. Anayechemsha ni chachu. Ni viumbe wadogo mno, huwaoni kwa macho. Wanakula sukari ya ndizi, wanatoa kileo, na ile hewa unayoiona ikipasua mapovu ni pumzi yao. Unga wa mtama unawasaidia kwa chakula na unaleta chachu nyingine. Kwa hiyo babu yako ni mwanabioteknolojia, ingawa ukimwambia hivyo atadhani umemtukana.

Na haiishii kwenye pombe. Mkate unaumuka kwa chachu hiyo hiyo. Maziwa yanaganda kwa bakteria. Miche safi ya migomba inakuzwa ndani ya chupa kutoka kwenye kipande kidogo cha chipukizi. Mwalimu mwenzangu ana kisukari, na insulini anayojidunga inatengenezwa na vijidudu waliopandikizwa kinasaba cha binadamu. Wanafugwa kwenye matangi kama sisi tunavyofuga kuku. Fikiria, Kemirembe: kiumbe asiyeonekana anamfanya mtu mzima aamke kesho.

Ila kumbuka sheria ya kwanza ya maabara. Chombo kiwe safi. Chombo kichafu kinaingiza vijidudu usiowataka, na kazi yote inaharibika. Ile obwato ninavyoikumbuka haijawahi kuonja sabuni tangu ilipochongwa. Ni ajabu hakuna aliyekufa.

Usimwambie Babu kwamba tunaandikiana.

Shangazi yako,
Joanitha


Ihembe
30 Machi 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mapacha wa mbuzi wanaendelea vizuri. Maharage yameota.

Babu alitengeneza rubisi ya kujaribu wiki iliyopita, ili aone kama mkono wake bado upo kabla ya siku yenyewe. Imeharibika. Siku ya pili haikuchemka. Siku ya tatu alifunua majani, akaonja, akatema. Alisema, "Hii inanuka zahanati." Kweli ilinuka zahanati, hata mimi niliisikia harufu kutoka jikoni.

Hagenimana alikuwa amejikata na jembe kwenye kisigino mwezi uliopita, na alikuwa akipaka dawa ya kidonda aliyopewa hospitalini. Babu alimwangalia miguu. Alimwambia, "Umeingia na dawa yako kwenye obwato ya baba yangu." Hagenimana akajibu, "Mzee, kidonda kimefunga wiki mbili sasa. Miguu yangu haina kosa." Babu akasema, "Basi kosa lina miguu ya nani?"



Unamkumbuka Hagenimana? Alikuja kutoka Burundi na wazazi wake akiwa mtoto. Yeye na mkewe Uwamahoro na watoto wao watatu wanaishi mwisho wa kibanja chetu, kwenye nyumba Babu aliyowapa wakae kwa sababu ya kazi. Amekanyaga ndizi za Babu miaka kumi na tisa. Babu amesema atafikiri mpaka Pasaka.

Shangazi, nauliza tu. Ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ikimwagwa kwenye mbao kavu za zamani, halafu mbao zikasuuzwa vizuri kwa maji, je, inaisha? Au inabaki ndani?

Nauliza tu.

Kemirembe


Nkwenda
27 Aprili 2025

Mwanangu,

Pasaka njema iliyochelewa. Barua yako ilikaa kwenye droo ya Eliud wiki mbili, halafu ikakaa kwenye droo yangu wiki nyingine. Nimeisoma mara nyingi.

Swali lako nimelielewa. Hukuwa unauliza tu.

Haiishi. Ubao ni kama sifongo iliyokauka. Dawa ile ina klorini. Inaingia kwenye matundu ya ubao, na ikikutana na vitu vilivyomo ndani ya ubao wenyewe inatengeneza harufu ile ile uliyoisikia. Kusuuza kunaondoa ya juu. Na jambo la pili ni baya zaidi. Chachu ya babu yako haikuwa ikitoka hewani peke yake. Ilikuwa inaishi ndani ya matundu hayo, kizazi baada ya kizazi, na ndiyo iliyofanya rubisi yake isifanane na ya mtu mwingine. Nilipokuandikia juu ya chombo kichafu, nilikuwa naandika kama mtu anayesema na wanafunzi wa maabara. Sikufikiri.

Sasa nisikilize. Usiseme kitu kwanza. Babu yako akikasirika hapimi. Nimempa Eliud pakiti nne za hamira ya mkate. Mpe Edgar, mwambie azitie kwenye omuramba Babu atakapotengeneza tena, aseme kazipata dukani. Pombe itachemka. Harufu itapungua kila mara. Mambo yatapita.

Msalimu mama yako.

Joanitha


Ihembe
11 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Joanitha,

Shikamoo. Mama anakusalimu, yeye anajua tunaandikiana. Kikohozi kimepungua.

Hamira nimeipokea. Ipo chini ya godoro langu. Sijampa Edgar.

Nitakuandikia sasa lile nililoshindwa kuandika Machi. Siku moja kabla ya Hagenimana kukanyaga, Babu na Edgar walikwenda mnadani. Nilichukua dawa Mama anayofulia vitambaa vya altare. Niliingia bandani, mimi mwanamke. Niliimwaga yote kwenye obwato na kusugua kwa brashi mpaka maji yakawa meusi. Nilifurahi nilipoona weusi ule. Nilijiambia, tazama uchafu wa miaka sabini, Shangazi angeuona. Nilitaka rubisi ya kaka yangu iwe safi kuliko zote, halafu siku moja, baada ya harusi, nimwambie Babu kwa nini. Nilisuuza ndoo kumi na mbili. Nikaianika. Babu aliporudi alisema, "Leo jua limekausha vizuri."

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa nikwambie yaliyofuata.

Baada ya Pasaka Babu alijaribu tena. Hagenimana alinawa miguu mbele ya watu watatu. Ilinuka zahanati tena. Babu hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Mara ya kwanza ni bahati mbaya. Mara ya pili mtu ana nia." Wanaume waliokuwepo walianza kusema. Mmoja akasema pengine ametumwa na watu wa Nyaishozi wasiotaka ndoa. Mwingine akasema watu waliotoka ng'ambo wana dawa zao. Hagenimana alisimama katikati yao, ndizi zimemkaukia mpaka magotini. Akasema, "Miaka kumi na tisa mmekunywa jasho la miguu hii mkasifu. Leo ndiyo imekuwa na dawa?"

Babu akampa siku tatu ahame.

Walihama Jumanne. Niliwaangalia kutoka jikoni. Hagenimana alibeba godoro na mabati mawili. Watoto walibeba kuku. Uwamahoro alibeba chungu kifuani, kimefunikwa kwa jani la mgomba, na mama mmoja alipotaka kumpokea alikataa akasema, "Hiki nakibeba mwenyewe." Alipopita mlangoni kwetu alinisalimia kwa jina. Nilishindwa kuitikia. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka ukili nilipokuwa na miaka sita. Nasikia wako Bweranyange, Hagenimana anapalilia kahawa ya mtu, wanalala kwenye stoo ya mbolea.

Shangazi, katika barua yako ya Aprili nimetafuta jina lake. Nimeisoma kuanzia juu hadi chini. Umeandika juu ya ubao, umeandika juu ya chachu, umeandika juu ya hasira za Babu. Yeye hukumwandika hata mara moja. Samahani kwa kusema hivi. Sijawahi kumwambia mtu mkubwa neno kama hili, na kama ungekuwa mbele yangu nisingeweza.

Uliniambia nisiseme kitu kwanza. Kwanza inaisha lini?

Kemirembe


Nkwenda
18 Mei 2025

Kemirembe,

Nimemwomba Eliud anisubiri getini niandike hapa hapa, ili nisipate muda wa kubadili mawazo.

Uliuliza kwa nini jina langu halitajwi. Nilipokuwa nimetoka chuo kikuu, baba yako alifariki. Wewe ulikuwa mdogo. Siku ya kuanua matanga babu yako alinipa kibuyu cha rubisi mbele ya wazee wote. Heshima ile hapewi binti. Mimi nikakimwaga chini. Nikasema kina vijidudu, nikaeleza na majina yao kwa Kilatini. Msibani kwa kaka yangu. Babu yako alisema, "Siku utakayokuwa na kiu, ndipo urudi." Sijarudi. Nilijiambia kwamba ni yeye aliyenifukuza.

Nilipoelewa ulichofanya niliona na mkono wangu umo. Nilijua akiuliza nani alikufundisha, utasema ni mimi, na mlango ule hautafunguka tena. Ndiyo maana sikumwandika Hagenimana. Niliogopa kwa ajili yangu, nikakuambia naogopa kwa ajili yako. Si vizuri.

Kwanza imeisha. Mwambie. Taja jina langu.

Na jambo moja la kazi. Chachu ikifa kwenye chombo haijafa duniani, ikiwa kuna mtu alichukua mashapo na kuyalisha. Chungu alichokataa Uwamahoro kumpa mtu kilikuwa na nini? Mwulize, lakini umwombe radhi kabla ya kumwuliza. Usiyachanganye hayo mawili.

Eliud anapiga honi.

Joanitha


Ihembe
22 Juni 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo kabisa. Mapacha wa mbuzi mmoja amekufa, mmoja amenenepa sana. Edgar anakusalimu, na mkewe pia. Ndiyo, mkewe. Lakini acha niende kwa mpango.

Barua yako ilifika Jumamosi asubuhi, tarehe 24 Mei. Nilikuwa naisoma nyuma ya jiko niliposikia Babu akimwambia Edgar, "Lete shoka." Nikachungulia kwenye ufa. Walikuwa wameitoa obwato katikati ya banda, na Babu amevua koti. Alisema, "Chombo kilichorogwa hakirithiwi. Tupasue kiwe kuni, tuwaambie Nyaishozi watafute mkwe mwingine." Edgar alikuwa analia, na Edgar halii.

Sikumbuki nilivyotembea. Nakumbuka tu nilikuwa ndani ya banda na Babu ananiangalia miguu, kwa sababu miguu yangu haikupaswa kuwa pale. Akasema, "We mtoto, umepotea njia?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalipotea. Nilisema, "Ni mimi." Akasema, "Wewe nini?" Nikasema, "Zahanati." Edgar akadhani naumwa. Ilibidi nianze upya. Nilisema dawa, nikasema brashi, nikasema ndoo kumi na mbili. Nilisema Hagenimana hakufanya kitu. Nilisema polepole sana na hakuna aliyenikatiza, nafikiri kwa sababu hawajawahi kunisikia nikisema sentensi tatu mfululizo.

Babu aliketi kwenye ukingo wa obwato. Aliuliza, "Nani alikufundisha?"

Nikasema, "Shangazi Joanitha alinifundisha kwamba chombo kiwe safi. Lakini kuiingia obwato yako bila kukuuliza sikufundishwa na mtu."

Akapitisha kiganja juu ya ubao. Halafu akasema kitu nisichokitarajia. "Alinawa miguu mbele ya watu watatu. Miaka kumi na tisa hajawahi kuambiwa anawe mbele ya mtu." Akaweka shoka chini. Hakuniambia kitu kingine siku ile wala kesho yake. Ingekuwa afadhali angenichapa.

Jumatatu nilipanda bodaboda mpaka Bweranyange, na Mama. Tuliwakuta wanapalilia. Nilimwomba Hagenimana radhi nikiwa nimepiga magoti kwenye majani ya kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi. Akasema, "Ulinisikia siku ile nikisema miguu yangu haina kosa?" Nikasema ndiyo. "Ulikuwa wapi?" Nikasema jikoni. "Karibu kiasi gani?" Nikamwonyesha mti wa kahawa uliokuwa mbele yetu, hatua kama nane. Akautazama mti ule. Akasema, "Ni karibu," akaendelea kupalilia.

Sikuuliza habari ya chungu. Nilikumbuka ulivyoniambia nisichanganye. Tulikuwa tumeshaanza kuondoka, Uwamahoro akatufuata njiani. Akasema, "Nyie mna harusi na hamna pombe." Mama akasema ndivyo. Uwamahoro akasema kwamba kila Babu alipotengeneza rubisi, Hagenimana alikuwa anakuja na mashapo kwenye kikombe, na yeye anayatia kwenye chungu na unga wa mtama kwa ajili ya uji mchachu wa watoto. Hakijawahi kukauka tangu mtoto wao wa kwanza alipozaliwa. Nikamwambia, "Ndani ya chungu chako ndimo obwato ya Babu ilimobaki." Akacheka kidogo. "Najua. Kwani ulidhani nilikikumbatia kwa nini? Lakini si changu peke yangu. Mwenye miguu ndiye atakayesema."

Mwenye miguu alisema hivi, na nimeyaandika kama alivyoyasema: "Mzee aje mwenyewe. Chachu nitampa, watoto wa watu wasiachane kwa ajili yangu. Ila sitaingia tena kwenye obwato yake. Na siku ya kunywa nitakuja, sitakuja kama kibarua. Nitaketi kwenye kiti."

Niliporudi nilimwambia Babu. Nilidhani atakasirika. Aliuliza tu, "Alisema kiti?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ana haki ya kiti."

Alikwenda Alhamisi, na goti lake lile. Sijui walichozungumza. Edgar aliyempeleka anasema walikaa kwenye stoo ya mbolea mlango umefungwa, na walipotoka Babu ndiye aliyebeba chungu, akakipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Dereva wa bodaboda alipopita kwenye shimo Babu alimtukana matusi ambayo Edgar alikataa kunisimulia.

Obwato waliichonga ndani kwa tezo, kina cha kidole kizima, mpaka ukatokea ubao mweupe. Waliiosha kwa maji matupu na kuianika siku tano. Babu aliniita nije ninuse. Aliniita bandani, Shangazi, mbele ya Edgar. Alisema, "Wewe ndiye mwenye pua ya kitabu. Ingia." Nilinusa kila pembe. Nilisema haipo tena. Akasema, "Una hakika, au unataka kunifurahisha?" Nikanusa tena. Ilikuwa bado ipo kidogo kwenye ncha moja, nikamwambia. Wakachonga tena.

Ndizi alizikanyaga Babu mwenyewe. Ana miaka sabini na sita. Edgar alimshika mkono mmoja, mimi nikashika mwingine. Ilimchukua asubuhi nzima na aliteleza mara mbili. Tukatia mashapo ya Uwamahoro. Tukafunika.

Kesho yake sikuweza kula. Saa nne Babu aliniita, akainua jani. Nikaweka sikio karibu. Ilikuwa inachemka, Shangazi. Inasema taratibu, kama mvua inayoanza kwenye majani. Uliniandikia kwamba ni pumzi yao, lakini sikuwa nimeisikia.

Tarehe 14 watu wa Nyaishozi walikuja thelathini. Hagenimana alikuja na koti la kijivu na viatu, na Uwamahoro na kitenge kipya. Walioneshwa viti upande wa wazee. Wale wanaume waliosema maneno siku ile waliangalia chini. Kwa desturi mwenye pombe huonja kwanza ili watu wajue ni salama. Babu akaonja. Halafu, kabla ya babu yake bibi harusi, akamfikishia Hagenimana kibuyu kwa mikono miwili. Mzee wa Nyaishozi akauliza, "Huyu ni nani anayenitangulia?" Babu akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Huyu ndiye mwenye chachu. Nilimfukuza kwa kosa la nyumba yangu. Asipokunywa, nawe hunywi."

Hagenimana alikishika kibuyu muda mrefu. Nilikuwa nimesimama na sahani za ndizi. Akanywa. Akafuta mdomo. Akasema, "Ni yenyewe. Ila Mzee, umekanyaga kama mtu anayeogopa siafu." Watu wakacheka mpaka wazee wakapaliwa. Mzee wa Nyaishozi akanywa, akafumba macho, na alipoyafumbua akamwita Edgar "mkwe."

Usidhani kwamba yameisha yote. Jioni ile Hagenimana na familia yake walirudi Bweranyange. Babu alimwambia nyumba ipo. Akajibu, "Nimesikia, Mzee." Hajasema atarudi, hajasema hatarudi. Babu ameniambia niisafishe nyumba ile kila Jumamosi. Alisema, "Maji na ufagio. Ukipeleka dawa yoyote nitakuoza kwa mganga." Nilicheka peke yangu njiani, halafu nilipofungua mlango nikaona misumari ambako watoto walikuwa wanatundika sare za shule, sikucheka tena. Nimeisafisha mara moja. Nitaisafisha Jumamosi ijayo.

Eliud anakuletea kibuyu pamoja na barua hii. Usimpe akufungulie, atakipunguza. Babu alikijaza mwenyewe, akakiziba kwa jani, akafikiri, akaniambia niandike neno kwa neno, nami naandika:

"Mwambie vijidudu wapo, wengi tu. Akitaka kumwaga, aje amwage hapa, mbele yangu. Na akiwa na kiu, aje pia."

Mwanao,
Kemirembe